Matanga ya Kampuni

Jumatatu, 3 Machi

Makomredi! — hapana anisikiaye humu chumbani ila kitanda na kabati, lakini hasira haingoji mkutano. Shangazi — ndivyo wanafunzi wote tunavyomwita — aliyepiga deki mabweni yetu ya chuo kwa miaka kumi na mmoja, hana kazi tena. Hakufukuzwa — la! Meneja anadai kampuni iliyomwajiri imekufa kisheria. Hii mpya haimjui, aombe upya kama mtu asiyewahi kushika fagio. Mpya! Ofisi ile ile, meneja yule yule, kilichobadilika ni rangi ya lango.

Jumatano, 5 Machi

Nimewahutubia Shangazi na wasafishaji wenzake katika chumba cha kufulia. Dakika ishirini! Nikafafanua kwamba mbele ya sheria kampuni ni mtu: humiliki, hushtaki, na ikibanwa, hufa ikazaliwa kwa jina jingine. Haki za mtu inazo. Aibu ya mtu haina! Mmoja akapiga miayo.

Shangazi akauliza: Umemaliza, mwanangu? Kama ni mtu na amekufa, kazikwa wapi? Miaka yote hiyo tumemtumikia, hata msiba hatukuarifiwa!

Kicheko kikatikisa ndoo. Wakakata shauri: twende tukahani. Hotuba yangu ikazikwa pale pale — nami nikacheka kuliko wote.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekwenda! Wanawake kumi na wanne, vitambaa vyeusi kichwani, na daftari la rambirambi. Kila mmoja akaandika jina, miaka aliyomtumikia marehemu, na neno la buriani. ("Umetangulia, ndoo umetuachia.") Wateja mapokezini wakaanza kutupa pole kwa dhati kabisa.

Meneja akatoka, jasho likimtiririka: Jamani, hapa hakufa mtu!

Shangazi, kwa upole: Basi tuandikie, baba, tuanue matanga.

Akalinyakua daftari, akaandika: "Kampuni ipo na inaendelea na kazi kama kawaida." Kwa hasira akagonga na muhuri — muhuri wa marehemu! Jina la zamani, wino mbichi, tarehe ya leo.

Jumamosi, 8 Machi

Mwanasheria wao amepiga simu mara tatu: daftari lirudishwe. Shangazi amelikalia kama kuku juu ya mayai. Mwambie nimefiwa, anasema, sipokei simu. Je, afisa kazi wa serikali atalikubali kuwa ushahidi kwamba kampuni ya zamani ingali hai? Sijui. Mhadhiri wetu wa sheria naye hajui — anacheka tu, anafuta miwani.

Nimetuma ujumbe: Makomredi, Jumatatu, saa mbili kamili asubuhi, mlangoni kwa afisa kazi. Vitambaa vyeusi mje navyo — bado hatujui kama tunazika au tunafufua.