Hema la Maua Yako

Mama,

Shikamoo. Nimeandika hivyo halafu nikatulia kidogo, kama mtu anayesubiri kuitikiwa. Nimezoea vibaya.

Mimi ni mzima, ila maua yako yalikuwa yanakufa. Naanza na hilo kwa sababu ndilo ungeuliza kwanza, hata kabla ya kuuliza kama nimekula. Tangu tulipokuzika mwezi wa tatu, yale yenye michirizi, yanayokunja majani jioni, yalianza kukauka kingo. Kangaga lako kubwa, lile ulilokuja nalo ukiwa bibi harusi kutoka kwenye kijito cha kwenu, likawa linapukutika majani kila nikifungua mlango. Nafagia asubuhi, nikirudi kazini nafagia tena. Nilidhani ni kiu, nikamwagilia mpaka ua moja likaoza mizizi. Nikasingizia baridi ya Mbulu, kana kwamba imeanza mwaka huu.

Mwisho nikanunua kipimo cha unyevu wa hewa, kidogo kama kiberiti. Pale sokoni, kwenye banda langu la kutengeneza simu, kikapanda vizuri tu, maana tunabanana mle na birika la chai linachemka mchana kutwa. Nyumbani kikashuka chini kabisa. Nikakitikisa, nikidhani nimeuziwa kibovu.

Hakikuwa kibovu. Nyumba ndiyo imekauka, Mama. Baada ya mazishi, kaka Damiano aliwapeleka ng'ombe wote kwake Balangdalalu, na ndama aliyekuwa analala chumba cha nyuma ya jiko akaenda nao. Sikukataa. Mimi na simu zangu ningewachunga saa ngapi? Lakini hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba yale maua uliyoyapanga kwenye korido, kati ya jiko na ndama, yalikuwa yanaishi kwa pumzi yake na kwa mvuke wa chungu chako cha makande. Siku hizi nakula chipsi mjini. Nguo nafuliwa huko huko. Humu ndani hakuna kinachochemka. Tulikuwa tunakucheka kwa kumlaza ndama karibu na maua, na wewe ulikuwa unasema tu, "Waacheni, wanaelewana."

Nikaona kwenye simu kwamba kuna hema la kuoteshea mimea ndani ya nyumba. Ni kama kabati la turubai, jeusi kwa nje na ndani linang'aa, lina zipu mbele, unaweka taa na kimashine cha kutoa mvuke, maua yanakaa na unyevu wao. Nimelichagua wiki nzima kama mtu anayechagua mchumba, na najua hapo ungesema heri ningechagua mchumba.

Muuzaji yuko Arusha, tuliongea kwa simu ya video. Nilimwambia awashe taa ndani ya hema na kuzima ya chumba, nione kama mishono inavuja. Hema la kwanza likavuja mwanga kama chekeche, nikalikataa. Nikauliza zipu, maana zipu ikifa hema limekufa. Nikauliza trei ya chini ya kuzuia maji, na yale matundu ya kupitishia nyaya, kama yanafungwa kwa kamba ili mvuke usitoroke. Alijibu yote vizuri, kisha akashusha sauti. "Kaka, samahani, unaotesha nini humo?" Nikamwambia ni maua ya marehemu mama. Akasema pole sana, na kuanzia hapo akawa ananieleza taratibu bila haraka ya kuuza.

Yeye ndiye aliyenishauri nisichukue refu. Nilikuwa nalitaka, kwa sababu kangaga lingeingia lilivyo. Lakini hema kubwa lenye maua machache halishiki unyevu, linataka mashine kubwa, na umeme wetu unaujua. Nikachukua fupi. Lilikuja na basi, nikaliunganisha peke yangu sebuleni, mahali pa kiti chako. Kiti nimekihamishia chumbani kwangu. Usinikasirikie, sikuwa na pengine.

Maua yenye michirizi yameitika. Moja limetoa jani jipya, limejiviringa bado. Ila kangaga lilibaki nje ya hema, kubwa mno, likipukutika. Nikachukua mkasi nilipunguze liingie. Wewe hukuruhusu mtu kuligusa kwa chuma. Nilisimama mbele yake na mkasi, nikaanza kulia, mtu mzima, peke yangu sebuleni.

Jumapili moja baada ya misa nikalibeba hadi kwa Mama Theresia, jirani yetu wa ng'ambo ya shamba la maharage. Kwake wajukuu wamejaa, sufuria haishuki motoni, na ndama wawili wanalala ndani. Nikamwamkia, nikamweleza habari zote za unyevu, hadi kipimo nikakitoa mfukoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mmea nimeupokea, mwanangu," akasema. "Na wewe kule kwenye ukavu unabaki na nani?"

Nikamjibu kwamba nina hema. Wajukuu wakacheka. Yeye hakucheka, alikwenda jikoni akanipakulia makande, na sikuondoka mpaka giza lilipoingia. Njiani nilitembea polepole. Sikutaka kufika.

Sasa nakuaga, Mama, pumzika. Ya hemani niachie mimi, nitayatunza. Na nakuahidi nitakwenda kwa Mama Theresia kila Jumapili. Nitasema nimekuja kuliangalia kangaga, na yeye atanivutia kigoda bila kuuliza. Lakini wewe siwezi kukudanganya. Kangaga, nilivyoliona juzi, limeshapona. Mimi bado.

Mwanao wa mwisho,
Boay