Upande wa Ugoro

Bibi, shikamoo. Niitikie kwanza ndipo uendelee. Najua siku hizi unasoma mwenyewe, tangu uingie darasa la watu wazima.

Niko Mhezi, huku juu milimani, na timu yetu ya meno. Leo tulingoja ukungu uondoke, maana hadubini yetu, ile ya kukuzia vitu vidogo, hutegemea mwanga wa jua. Bibi Nakijwa, anayebwia ugoro kama wewe, alitupakulia makande, akasema mdomo wake haumuumi hata kidogo. Nikamkwangua shavuni, kisha ndani ya mdomo wa chini anapobana ugoro, nikamwonyesha seli zake. Za shavuni zimetandazika kama vigae. Zilizochakaa hudondoka, mpya hupanda kutoka chini, ndiyo maana ukijing'ata ulimi unapona upesi. Za upande wa ugoro zilirundikana ovyo, kubwa kwa ndogo.

"Na hizi nazo ni zangu?"

"Zako, bibi. Tumbaku na magadi vimezipotosha. Tukiziacha, zaweza kugeuka saratani."

Akatoka nje, akatema. Kesho tunateremka naye hospitali Same, na naamini tumewahi.

Sasa ni zamu yako. Simama mbele ya kioo, ufunue mdomo wa chini. Ukiona peupe pasipofutika, usiniambie hapaumi. Hata pake hapakumuuma. Nenda hospitali, usiningoje.

Nikirudi, nigombeze uwezavyo kwa kukusema kwenye kadi hii. Nautaka mdomo huo mzima.

Mjukuu wako,
Zuhura