Meza Uliyoiita Dirisha

Baba yangu,

Shikamoo. Ulikuwa huachi salamu ipite bila kuiitikia, hata ukiwa na misumari mdomoni, kwa hiyo nimesubiri kidogo kabla ya kuendelea.

Nakuandikia nikiwa kwenye kibanda changu cha madirisha hapa Masasi. Mbele yangu ipo ile meza ya aluminiamu niliyokutengenezea. Leo nataka tuizungumze, maana ulipokuwa hai nilikataa.

Unakumbuka ilivyoanza? Yalikuwa magoti yako. Miaka yote wewe ndiye seremala uliyeitwa kila palipotokea msiba pale Kitangari. Wachimbaji wakishamaliza mwanandani, kile kishimo cha ndani anamolazwa maiti, ulipima upana wake kwa ufito wako, kisha ukakata mbao za kumfunika hapohapo makaburini. Kila kaburi lina upana wake, ulinifundisha, mbao hizo hazikatwi nyumbani. Ulizikata umepiga magoti kwenye mchanga, ubao umeulaza juu ya gogo, kwa sababu meza yako ya mninga ilihitaji wanaume wanne kuisogeza.

Ukanipigia simu. "Nitengenezee meza inayokunjika, baba Zuhura. Nyepesi, niifunge kwenye baiskeli pale yanapokaa madumu ya maji. Magoti yangu yamekwisha."

Nilifurahi sana. Maisha yangu yote kazi yangu uliiita "kazi ya vioo", na ukiitaja unakunja pua. Sasa ulikuwa unaihitaji. Kwa furaha hiyo nikafanya kosa la mtu wa madirisha. Nilichukua mabaki ya fremu, yale membamba, nikayaunga yote kwa ribiti, vile vipini vya kubana fremu, kama nilivyozoea. Dirisha likishaingia ukutani linatulia, ukuta ndio unaolishika. Meza ya seremala inasukumwa kutwa nzima na haina ukuta wa kuegemea. Mimi mtoto wa seremala sikuliwaza hilo. Ningekuuliza tu, ungeniambia.

Siku niliyoileta, uliiweka barazani, ukaikunja na kuikunjua mara tatu kama mtoto aliyepewa mwavuli. Nilikuwa nakutazama usoni. Kisha ukaweka ubao na kusukuma randa. Meza ikayumba, mguu mmoja ukajikunja wenyewe, ubao ukaanguka chini.

Ukacheka. "Hili dirisha hili," ulisema. "Zuri kweli, lakini ntu hapigi randa juu ya dirisha."

Mama naye akacheka, ameshika sinia la ugali wa muhogo. Hamkuwa na ubaya, nalijua hilo sasa. Siku ile nilikuwa nimeshafura. Nikakwambia, "Kama huitaki, itupe."

Kicheko kikakukauka. Uliinama, ukaunyoosha ule mguu kwa mkono, ukasema polepole, "Siitupi. Nitaizoea."

Niliondoka bila kula. Msimu wote wa korosho sikupanda Kitangari. Ulipopiga simu nilisema kazi zimenizidi, na wewe ukasema haya, usijichoshe. Kazi hazikunizidi, Baba. Nilikuwa nimenuna tu, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nimenunia meza.

Mama alipopiga simu asubuhi ile hakusema kwamba umefariki. Alisema, "Njoo, baba yako anakungoja." Nikajua.

Nilipofika, Mzee Chilumba, yule mkubwa wa wachimbaji, aliuliza mbao zitakatwa na nani. Mama akanyoosha kidole darini. Zilikuwa pale, umezikata mwenyewe, umezifunga kwa mpira wa baiskeli pamoja na ule ufito wako, na umemwagiza Mama kwamba safari hii wachimbe kwa kipimo cha mbao. Nilizishusha mimi. Upande wa chini zilikuwa na michirizi ya kijivu. Aluminiamu ikisuguana na mbao huacha alama hiyo, inachafua mikono yangu kila siku. Nikaelewa ulizikatia wapi, na kwa muda mfupi nilifurahi, nisamehe, nikasimama mbele ya watu wa msiba nikiwa nimefurahi.

Nikamuuliza Mzee Chilumba kama ulikuwa ukiitumia.

"Kila nsiba alikuja nayo," akasema. "Tunaishika watu wawili, huku na huku, yeye anakata. Tukimwambia aiache, anasema katengenezewa na ntoto wake."

Watu wawili. Nikarudia kuzitazama zile mbao. Ubao wa tano ulikuwa umepinda. Msumeno ulianza vizuri, ukafika katikati, kisha ukatoroka upande. Wewe, uliyekuwa ukikata kwa jicho tu na watu wanaweka rula kukuhakiki. Hizi ulizikatia nyumbani, peke yako, na mguu ulipojikunja hapakuwa na wa kuushika.

Nilitaka kukata ubao mwingine. Mama akanizuia. "Kakata mwenyewe," akasema. "Muacheni na vyake."

Niliingia kaburini kukupokea. Nilipanga mbao mimi mwenyewe, na ule uliopinda uliangukia upande wa kichwa chako. Ukabaki uwazi wa vidole vitatu. Waliniletea tope, nikaziba kwa kiganja, nikaziba tena, na bado mchanga ulipoanza kumwagwa nilisikia ukipita. Hadi leo nausikia. Nikiwa nakata kioo, nausikia.

Meza niliirudisha Masasi. Nimezitoboa ribiti zote nikazitoa. Sasa nimetia bolti, vichwa vyake vinakaa ndani ya mfereji wa fremu, ule unaopitisha kioo, na nati zinakaza kwa nje. Miguu ni minene na ina mikingamo. Juu nimeweka mbao za mninga. Niliilalia kwa kifua, nikaisukuma kwa nguvu zangu zote. Haitikisiki. Ilinichukua siku tatu, Baba. Siku tatu tu.

Watu wa Kitangari wananiita mimi sasa pakiwa na msiba. Naifunga kwenye pikipiki, napanda nayo. Wale wawili bado wanakuja kushika, huku na huku, kwa mazoea. Nawaambia inasimama yenyewe, hawaachii, na mimi siwafukuzi. Mbao za watu zinanyooka.

Jana nimechukua ufito wako, nikakata ubao mmoja kwa kipimo chako. Umenyooka kabisa, nimeuwekea rula. Upo hapa mezani na sina pa kuupeleka.

Lala salama, Baba. Marahaba yako bado naingoja.

Mwanao,
Baba Zuhura