Prudence, Binti Aliyekataa Sifuri

Umetimia mwaka, Prudence, tangu ulipotoka kwa mlango wa jikoni ukiniambia nikuwekee sombe ya majani ya muhogo, utarudi kula. Niliiweka. Ililala, na kesho yake watu wa matanga wakaila. Naanza na hilo kwa sababu ndilo linalonirudia kila ninapopika.

Wengi watakaosoma tangazo hili walikujua kwa kazi yako ya chemchemi. Sisi wa nyumbani tulikujua kabla hujaweza kuandika jina lako. Wewe ni Vahwere Prudence, mtoto wa kwanza wa Zacharie na wangu mimi, Musoki Madeleine. Ulizaliwa Butembo, ukakulia hapa Bunia, mtaa wa Rwambuzi, nyuma ya duka letu la saruji na mabati. Hukuwa mtoto mpole. Uliuliza maswali mpaka wateja wakasahau walichokuja kununua.

Ulikwenda Kisangani kusomea master ya vijidudu vya mazingira, vile visivyoonekana kwa macho vinavyoishi majini na udongoni. Ukirudi likizo hukuanza kwa kuketi. Ulianza kwa kufunua sufuria zote. Ulinusa maziwa. Uliandika siku ya kupikwa juu ya kila bakuli ndani ya friji, na wali wangu mmoja ukaubandikia karatasi: "Huyu mzee aheshimiwe, asiliwe." Chupa zako za maji ya memwari, ile kazi ya kumalizia masomo, zililala kati ya nyama na samaki wa Tchomia. Siku moja baba yako aliichukua moja akidhani ni maji baridi. Ukamwambia, "Baba, kunywa tu. Kesho mi sitakuwa na memwari, na weye hautakuwa na tumbo." Bado anaisimulia. Akifika mwisho hanyamazi kama zamani kungoja tucheke, anaondoka.

Gaël, mdogo wako, ulimkandamizia vidole kwenye kisahani chenye jeli, ukakifunika na kukiweka mahali penye joto. Baada ya siku mbili alama za vidole vyake zilikuwa zimeota vijidudu, vyeupe na vya manjano. Tangu siku ile hatujamwambia tena anawe mikono.

Chemchemi iko chini ya mtaa wetu. Maji yake ni meupe na baridi, na watu husema Mungu mwenyewe ndiye aliyeyachuja. Sisi tunachota pale bomba likikauka. Wale waliokimbia vita kutoka Djugu na kupokelewa na ndugu zao hapa mtaani wanachota pale kila siku. Na kila msimu wa mvua watoto huharisha, watu wakasema ni maembe. Uliichagua chemchemi hiyo kwa masomo yako, kwa sababu ulitaka kujua kama ni maembe.

Tulikulea kuomba ruhusa, kwa hiyo ulimwendea Mama Espérance, mkuu wa kamati ya chemchemi, ukamtajia siku utakayokuja. Siku hiyo ilipofika ulikuta majani yamefyekwa, mawe yamesuguliwa, njia imefagiwa. Ulisafisha mikono kwa alkoholi, ukajaza chupa zako, ukazipeleka maabara hapa mjini. Hakuna kitu kilichoota. Sifuri. Mwalimu aliyesimamia kazi yako alisema chemchemi ni safi, utafute nyingine. Mimi nilikuambia ushukuru na umalize masomo. Ukanijibu, "Mama, hata maji ya mvua haina zero. Kuna mutu alipita mbele yangu."

Ukarudi kwa Mama Espérance, nami nilikuwepo, nimempelekea misumari. Hakuficha neno. Asubuhi ile ile, kabla hujafika, akina mama walikuwa wamemwaga Javel, dawa ya kusafishia inayoua vijidudu, ndani ya kisanduku cha saruji kinachofunika jicho la chemchemi.

"Sasa tungefanya je?" akasema. "Mugeni wa universite anakuja, unataka akute matope?"

"Mama Espérance, mi si mugeni. Mi mutoto wa hapa."

"Ndiyo mubaya zaidi. Mugeni anaendaka. Mutoto wa hapa atatusema mupaka tuzeeke."

Mlicheka nyote wawili, na hukumgombeza. Lakini hukumtajia siku tena. Ulichukua bidoni la njano la kuchotea maji, ukajifunga kitenge, chupa yako ukaificha ndani yake, ukasimama kwenye mlolongo kama mtu yeyote. Ulipochelewa kwenye bomba la chemchemi ukijaza chupa, mama mmoja alikusukuma: "Songa, dada. Hapa haiko kanisa, usisimame na kusali." Ulirudi nyumbani kiatu kimeloa, ukiwa na furaha. Na vijidudu vikaota. Kile kinachokaa tumboni mwa watu, ambacho kikionekana majini maana yake choo kimeyafikia maji, kilijaa kisahani kizima hata hakikuhesabika.

Hapo ulianza kupanda kilima, wewe na Nathanaël, mwenzako wa masomo. Mlipima maji ya chini ya ardhi parseli kwa parseli, kiwanja baada ya kiwanja. Koko Kaswera, mama yangu, aliwaona mkichimba karibu na choo chetu akauliza mnatafuta nini. Ulimwambia kweli, taratibu, ukiwa umemshika mkono. Siku hiyo hakugusa chakula.

Nasi tulidhani utayaandika hayo kwa Kifaransa, yabaki Kisangani. Badala yake uliomba mkutano wa avenyu. Ulisimama mbele ya majirani wote na kusema choo cha kwanza kinachoingia kwenye chemchemi ni chetu, kisha ndiyo vinafuata vingine. Baba yako alitazama viatu vyake. Mimi nilingoja tufike nyumbani.

"Umetuvua nguo mbele ya batu."

"Mama, ningetaja cha bengine na kuacha chetu, nani angenisadiki?"

Nilitoka nikaenda dukani kuhesabu mifuko ya saruji. Wiki ile tuliziba shimo letu, tukajenga choo kingine upande wa pili wa parseli, kimeinuliwa juu ya saruji, kama ulivyokichora. Majirani walikuja kutazama. Wengi wakafuata. Parseli mbili hazijafuata mpaka leo, wenyewe wanajijua, na wanalisoma tangazo hili.

Ulikuwa umemaliza kuandika. Tarehe ya kutetea kazi yako ilikuwa imewekwa, nami nilikuwa nimekushonea nguo ya siku hiyo. Ndipo akina mama wakaushaji samaki wa Tchomia waliposikia habari za Rwambuzi, wakaomba uwapimie maji ya ufukwe wa ziwa wanayooshea samaki. Nilikuambia ungoje mpaka umalize kutetea. Ukasema mvua ikizidi njia itafungwa, na wao wameomba sasa. Hukujua kusema kesho.

Mlikuwa mnarudi, wewe na dereva wa pikipiki, mkipanda mlima kuelekea Bogoro, mvua ikawakuta, pikipiki ikateleza. Hukuteseka. Tumeambiwa hivyo, nasi tumekubali.

Assani, dereva wako, alikuja nyumbani mkono umefungwa kwa kitambaa. Katika mkono mwingine alikuwa na kisanduku chako cha barafu. Alikiweka miguuni pangu.

"Mama Prudence," akasema, "njia yote alikuwa ananiambia: polepole, hii isitikisike. Alianguka nayo kifuani. Hakuna chupa ilipasuka."

Nilikifungua. Barafu ilikuwa bado ngumu. Ulinifundisha mwenyewe kwamba maji ya kupimwa yakilala sana hayasemi kweli tena. Nikamwita Nathanaël, aliyekuwa ameketi na baba yako.

"Enda ufungue labo, uyapime."

"Mama, leo?"

"Maji haingoji."

Alikwenda akilia. Watu wa matanga walisema mengi juu ya mama anayetuma kazi wakati binti yake bado hajazikwa. Waseme. Akina mama wa Tchomia walipata jibu lao, na sasa wanaoshea samaki kwa maji ya kisima kilichofunikwa. Walikuja kwenye maziko yako na kapu la samaki, wakalia kuliko ndugu zetu wengine.

Siku ya kukuzika, vijana wa mtaa walileta kitambaa kilichoandikwa jina lako na neno Master mbele yake. Walifanya kwa upendo. Niliomba neno hilo lifutwe, na baba yako akaniunga mkono. Hukuwahi kutetea, hukupewa shahada. Wewe uliyekataa sifuri ya bure, tungekuvisha cheo cha bure namna gani? Kwenye msalaba wako imeandikwa "mwanafunzi". Koko alisema neno hilo linatosha. Kazi yenyewe iko kabatini, kando ya vyombo vya wageni, na ile nguo imekunjwa juu yake.

Baada ya hapo baadhi ya watu walianza kuniita Mama Gaël, kwa huruma, ili jina lako lisinichome. Nimewaambia waache. Mtoto wa kwanza habadilishwi. Mimi ni Mama Prudence.

Sasa nikupe habari uliyokuwa ukiitaka, kwa maana ulikuwa umesema kazi itakuwa imekwisha siku watoto watakapokunywa maji ya chemchemi bila kuugua, si siku ya kuvaa joho. Nathanaël hajaacha kupima. Tulikubaliana kwamba kipimo cha mwaka kichukuliwe juma hili, tukitangaze pamoja na kumbukumbu yako.

Mama Espérance alisikia. Alikuja dukani, akafunga mlango nyuma yake.

"Mama Prudence, tuongee pole. Tumwange Javel kidogo tu. Kidogo. Ili jibu ya mutoto ikuwe zero kwa siku yake."

"Hapana."

"Hakuna mutu atajua."

"Yeye anajua."

Aliketi juu ya mfuko wa saruji akalia, nami nikaketi kando yake. Mwaka mzima sikuwa nimelia mbele ya mtu wa nje. Tulipomaliza akasema, "Kweli, angetusema." Nikamwambia, "Angetusema mupaka tuzeeke." Akanunua komeo la mlango, ili asionekane amekuja bure, akaenda zake.

Gaël ndiye aliyekwenda na bidoni la njano, chupa ikiwa imefichwa ndani ya koti lake. Hakumwambia mtu siku, hata mimi. Alisimama kwenye mlolongo, akasukumwa. Nathanaël akapima, na jana ametuletea kisahani chenyewe, kimefungwa, tukione kwa macho yetu. Tulikitazama mezani: baba yako, Koko, Gaël na mimi. Koko alivaa miwani yake ya kusomea Biblia.

Si sifuri, Prudence. Kuna vidoa. Lakini vimetawanyika, vinahesabika, na Gaël alivihesabu kwa ncha ya kalamu akiimba vibaya, kama ulivyokuwa ukiimba. Mahali palipokuwa pamejaa, sasa kuna nafasi. Nathanaël anasema zile parseli mbili zikijenga upya vyoo vyao, msimu ujao huenda visiwepo kabisa. Msimu huu wa mvua watoto wameharisha wachache kuliko mwaka jana, ingawa maembe yalikuwa mengi.

Baba yako aliuliza kama tuandike kwamba maji yamekuwa safi, kwa kuwa karibu yawe. Alinitazama, kisha akajijibu mwenyewe: tuandike yalivyo. Basi tumeandika. Maji bado si ya kunywa bila kuchemsha. Jibu hili limetoka kwenye maji yenyewe, hakuna aliyepita mbele yako, na hiyo ndiyo zawadi tuliyokuwa nayo.

Wenye parseli zile mbili: saruji ya vyoo vyenu iko dukani, mje muichukue, tutaelewana. Sitawataja. Lakini binti yangu alianza na choo chetu, nanyi hamna cha kumwonea haya.

Jumamosi hii tutasali nyumbani, kisha tutateremka pamoja mpaka chemchemini, kila mtu na bidoni lake. Njooni kama mlivyo. Msifagie.

Wanaokukumbuka ni baba yako Zacharie. Mimi mama yako Musoki Madeleine. Mdogo wako Gaël. Koko Kaswera, ambaye bado anakuita Vahwere. Nathanaël, ambaye sasa tunamhesabu mtoto wa nyumbani. Assani, ambaye hajapanda tena pikipiki wakati wa mvua. Pamoja na ndugu wote wa Butembo na Bunia. Mama Espérance ameomba jina lake liwe kati ya majina ya familia, na tumelikubali.

Tutakukumbuka kila tunapochota, binti yetu, na kila tunapochemsha, mpaka siku ambayo hatutahitaji kuchemsha, na hata baada ya hapo.