Salamu Kabla ya Bawa

Jumanne, Mikumi

Meneja anataka maelezo ya maandishi. Niandike nini?

Kazi yangu hapa kiwanjani ni moja tu: kuzuia magari yasigonge ndege iliyopaki. Leo Mzee Yohana, dereva wa watalii, alikuwa anarudi rivasi kuelekea bawa. Nikakimbia. Lakini mzee ni sawa na baba yangu, nitaanzaje kumfokea "Simama!"?

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani Kilosa hawajambo?" Gari linarudi.

"Hawajambo. Mama naye?"

"Anaendelea vizuri." Gari linarudi.

"Simama" ilinitoka pamoja na mlio wa bati. Bawa limebonyea, rubani kashika kichwa. Mzee akanitetea kwa meneja: "Kijana huyu ana adabu sana."

Naogopa kufukuzwa. Naogopa zaidi kesho: inatua ndege nyingine, na zamu ya udereva ni ya mjomba wangu.