Edita Inasema Imefutwa

Jumatatu, 3 Machi

Nimenyoosha mkono. Mimi! Mkuu wa masijala katuambia majalada yote ya mashauri ya ndoa yanaingia kwenye kompyuta, na ikifika mwisho wa mwezi karani mmoja atatosha. Tuko wawili — mimi na Mzee Stempu. Nani anaweza kutengeneza ukurasa wa kutafutia majalada? Mkono ukapanda wenyewe. Nina miezi minne tu ya kujifunza kuandika programu! Stempu kaniuliza kama nilinyoosha au nilikuwa najikuna kwapa.

Jumatano, 5 Machi

Kompyuta ya ofisi imefungwa, huwezi kuiwekea programu yoyote. Basi natumia edita ya mtandaoni: unaandika msimbo humo humo kwenye kivinjari, ukurasa unatokea pembeni. Ikipenda. Leo imeganda saa nne. Juu imeandika "Imehifadhiwa". Nafungua tena — mistari arobaini haipo. Edita ya pili ikanitoa nje katikati ya neno. Ya tatu haikufunguka kabisa. Nimeirudia ile ya kwanza. Zimwi likujualo halikuli likakwisha.

Sasa kila mstari nauandika kwanza kwenye daftari, kwa kalamu. Stempu kacheka mpaka kavua miwani. Kompyuta inayoanzia kwenye daftari, kasema, si ndiyo masijala hii hii, mwanangu?

Ijumaa, 7 Machi

Inatafuta! Unaandika jina, jalada linakuja — namba, mlalamikaji, anakoishi, simu, rafu. Nimeingiza majalada kumi na mawili ya kujaribia. Ya kweli. Ningeweza kutunga majina, lakini vidole vimekataa. Chuoni tulikaririshwa: karani haandiki mtu asiyekuwepo.

Mkuu kajaribu jina moja, likatokea. "Ehee!" Mara mbili. Kaomba linki, nimempa. Stempu kagonga mihuri mpaka saa kumi.

Jumapili, 9 Machi

Dada kafua, mimi nimeanika. Akataka kuiona hiyo kazi inayonikosesha usingizi. Nikamtumia linki. Haikupita dakika, anasoma kwa sauti jina la mwanamke na mtaa anaoishi. Nikamuuliza nywila kaitoa wapi.

"Nywila gani, mdogo wangu? Nimebonyeza tu."

Nikabaki na shuka mkononi, linachuruzika miguuni.

Nimesoma masharti ya edita, yote. Ukurasa wa bure unaonwa na kila mtu. Wa siri ni wa wanaolipa. Imeandikwa mstari wa sita! Mimi ninayesoma hata nyuma ya tiketi!

Na jalada 214 limo humo. Yule mama alihama na watoto wawili, mumewe hajui waliko. Juu ya jalada pana wino mwekundu: ANWANI ISITOLEWE. Niliandika mwenyewe. Ukurasa wangu hauna mahali pa wino mwekundu.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefuta. Edita inasema "Imefutwa". Simu ya dada bado inaonyesha. Nimefuta tena — imeganda. Nimetoka, nimeingia upya: yote kumi na mawili, yamerudi kana kwamba sijayagusa. Nimewaandikia wenye edita. Jibu la mashine: siku tatu za kazi.

Chini ya ukurasa: watazamaji 9. Mimi, dada, Mkuu. Wengine nani?

Nimemwambia Stempu. Nilidhani atafurahi, mimi nikianguka, kiti ni chake. Kafunga dirisha la kaunta.

"Mimi kusikia hakusaidii, mwanangu. Yule mama ndiye hajasikia."

Lakini Mkuu peke yake ndiye anayeruhusiwa kumpigia mlalamikaji. Na kumwambia Mkuu ni kujifukuzisha kazi. Nilifika mpaka mlangoni kwake. Nikasoma kibao cha jina lake. Nikarudi. Kesho.

Jumanne, 11 Machi

Saa tatu asubuhi. Benchi la nje ya ofisi ya Mkuu, jalada 214 mapajani. Nilibisha, kafungua kidogo, uso wote tabasamu: nisubiri hapo hapo, nitaitwa nipongezwe. Ana wageni, wakuu wa idara zote. Kumbe linki aliwatumia tangu Ijumaa, nao jana wamewapa watu wao. Ukurasa wangu uko ukutani, mkubwa kama dirisha. Nilimwambia kuna tatizo. "Matatizo baadaye!" Mlango ukafungwa.

Watazamaji 63.

Namba ya yule mama iko karatasi ya kwanza ya jalada. Nimepiga kwa simu yangu, bila ruhusa. Inaita.

Amepokea. Nimetaja ofisi. Halafu kaniambia ningoje, awaingize watoto ndani. Nawasikia — mmoja anagoma, mchezo haujaisha.

Mkuu katoa kichwa, ananiita kwa kidole, anacheka. Nyuma yake makofi.

Sikioni: komeo. Komeo jingine.

"Haya, nimefunga. Sema."