Nguzo za Wodi ya Wazazi

Jumatatu, 3 Machi
Maabara tangu asubuhi, Musoma. Tunapima zege la kalavati la barabara. Kuponda vipande, kuandika, kufagia vumbi. Kazi nzuri, haina maadui.

Mchana ujumbe wa Tabani. Mahakama ya nchini kwao imepanga kesi ya hospitali. Nitatoa ushahidi kwa video Jumatano ijayo, nikiwa hapahapa Musoma.

Nilifanya kazi kule kwa miaka miwili, baada ya vita vyao kuisha, kwenye timu ya kuchunguza rushwa katika majengo mapya. Tabani ndiye mwanasheria wetu, mzaliwa wa kule. Tulitoboa nguzo za wodi ya wazazi, zege likamomonyoka vidoleni kama ugali uliolala. Mkandarasi alitaka nibadilishe majibu. Nikakataa, vitisho vikaanza, nikarudishwa nyumbani. Tabani alibaki. Kila nikimkumbuka namshukuru Mungu kwamba yupo hai.

Alhamisi, 6 Machi
Magesa, mdogo wangu, amepiga simu kutoka Kabasa, Bunda. Kaja kwake mgeni kavaa vizuri, akamwahidi kazi ya kusimamia malori Mwanza. Sharti ni moja: mimi, dada yake, niugue siku hiyo ya Jumatano.

Magesa hana kazi tangu kiwanda cha pamba kipunguze watu. Ana watoto watatu. Nilimuuliza alijibu nini.

"Nimemwambia nitafikiria."

Nimekata simu. Nimekasirika. Naogopa pia.

Jumamosi, 8 Machi
Bunda. Magesa hayupo, simu imezimwa. Wifi yangu Neema, mke wake, anasema jana alifuatwa na yule mgeni kwa gari, wakaondoka pamoja. Hakuniangalia usoni.

Nikaenda Mwitongo kwa mama. Nilimkuta shambani anapanda mahindi. Nikamweleza yote, ya Magesa nayo. Hakuacha kufukia mbegu. Akauliza wanaolala kwenye hiyo wodi ni akina nani. Nikamwambia ni kina mama na vichanga vyao.

"Basi kaseme, mwanangu. Huyo Magesa niachie mimi."

Nilimsaidia mpaka mvua ikatufukuza. Sijui ningekuwa nani bila huyu mama.

Jumatatu, 10 Machi
Tabani anasema fundi aliyekuwa anachanganya zege amejitoa kwenye ushahidi. Amehama mji. Wa kueleza habari ya nguzo nimebaki mimi tu. Magesa kimya.

Nimewaza kuugua kweli. Naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma.

Jumatano, 12 Machi
Asubuhi nafungua mlango: mama na Magesa. Viatu vya Magesa vimejaa tope.

Siku ileile aliponipigia, kabla ya jua kuzama, alikwenda ofisi ya kuzuia rushwa. Wakamwambia ajifanye amekubali, asimwambie mtu. Mgeni alikamatwa jana kwenye nyumba ya wageni, akiwa na karatasi ya ajira mkononi. Neema alijua.

"Nilikatazwa kukuambia, dada. Najua ulinidhania vibaya."

Nilimdhania. Nilimkumbatia nikalia mpaka leso ya mama ikalowa.

Ushahidi wa video, pale ofisini kwetu, ulikuwa mrefu. Wakili wa mkandarasi aliuliza kama nina uhakika, akarudia, akarudia tena. Nilisema nilichokigusa. Sauti ilitulia kuliko nilivyotegemea. Mtandao ulipokatika niliangalia mlangoni. Magesa alikuwa amekaa kwenye benchi la korido, hakutoka hata kula.

Jumapili, 16 Machi
Hukumu bado. Lakini Tabani ameandika: mahakama imeamuru wodi ifungwe, kina mama wamehamishiwa jengo la zamani. Wamebebwa salama wote. Nimesoma mara nyingi.

Magesa bado hana kazi. Amesema ataulizia kwa wanaojenga soko, nami nitamuulizia. Tumekula sato, mama akachukua kichwa kama anavyokulaga siku zote, tukamwacha.

Kanisani nilipiga magoti nikakosa la kuomba. Nimeshukuru tu, nikakaa.

Sasa mama amesinzia kwenye kochi, redio inaongea peke yake. Sijaizima, asije akaamka.